Simu ya Siri Kazini na Anayeipiga

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Niingie moja kwa moja kwenye hoja yangu: namba ya simu ya kuripoti maovu kazini kwa siri haifai kitu mpaka mfanyakazi aamini kwamba hatasakwa.

Kampuni nyingi zilianza kuweka namba hizi baada ya Enron, kampuni kubwa ya nishati, kuanguka kule Marekani. Agosti 2001, Sherron Watkins, mmoja wa viongozi wa Enron, alimwandikia mwenyekiti Kenneth Lay kumweleza kuwa hesabu za kampuni zilikuwa na kasoro kubwa. Barua ya kwanza hakuitia jina, kisha akajitokeza. Haikupita muda, mwanasheria wa nje wa kampuni akaandika kufafanua kwamba sheria za Texas hazikuwa zikimlinda mtu kama yeye asifukuzwe. Hebu fikirini: mtu kaonya kwamba nyumba inaungua, wenyewe wanauliza kama wanaweza kumtoa nje. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya Sarbanes-Oxley, ikazitaka kamati za ukaguzi za kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ziweke njia ya wafanyakazi kutoa taarifa za kasoro za hesabu kwa siri, bila kutaja jina.

Na taarifa hizo zina kazi. Ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, inaonyesha kuwa asilimia 43 ya visa ilivyovichambua viligunduliwa kwa sababu kuna mtu alisema. Zaidi ya nusu ya waliosema ni wafanyakazi. Wakaguzi wako mbali nyuma yao.

Sasa tuangalie simu yenyewe. Kwa kawaida hupokelewa na kampuni ya nje. Anayepiga hupewa namba ya shauri na neno la siri, ili arudi baadaye kuulizwa maswali au kupewa majibu. Hapo mambo huwa sawa. Hatari huanza muhtasari unapotumwa ndani. Chukueni mfano: karatasi inasema, “Mlalamikaji alimwona msimamizi wa ghala akisaini mzigo ambao haukufika, Jumanne, zamu ya usiku.” Jina halipo. Lakini kama Jumanne usiku ghalani walikuwa wawili tu, msimamizi ameshajua nani kasema. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: anayeandika muhtasari afundishwe kuondoa kila kinachomwelekea mtu, na karatasi isipite kabisa mikononi mwa bosi anayetajwa.

Mabosi wakubwa nao hujaribiwa. Mwaka 2016 Jes Staley, aliyekuwa mtendaji mkuu wa benki ya Barclays, alijaribu kumtambua mwandishi wa barua isiyo na jina iliyomlalamikia mtu aliyekuwa ameajiriwa karibuni. Mwaka 2018 wasimamizi wa sekta ya fedha Uingereza walimtoza faini ya pauni 642,430. Kazi hakupoteza wakati ule, na kwangu mimi hilo liliwapa wafanyakazi funzo baya.

Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2019, unazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi ziwe na njia ya ndani, zithibitishe kupokea taarifa ndani ya siku 7 na zitoe mrejesho ndani ya miezi 3. Naupenda sana huo mrejesho. Mtu akikaa mwaka mzima bila kusikia lolote, hatapiga tena, na wenzake atawaambia wasijisumbue.

Kwa hiyo ninyi mlio kwenye bodi, mkiletewa ripoti ya robo mwaka yenye sifuri kwenye safu ya malalamiko, msipige makofi. Ulizeni nani anaijua namba hiyo. Ulizeni waliowahi kuipiga wako wapi leo: wamepandishwa vyeo, wamehamishwa, au wameacha kazi? Kisha ipigeni wenyewe usiku, mkizungumza lugha wanayozungumza wafanyakazi wa zamu, muone kama kuna atakayewaelewa.