Kempa Juu ya Hilux: Springi za Nyuma Zinabeba Nini?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mwanza na wote mlio kando ya ziwa. Leo hatuzunguki. Msikilizaji wetu wa Igoma anapeleka wageni Serengeti, ana Hilux dabo kebini, na ameagiza kempa, kile chumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi la nyuma, chenye kitanda, jiko, friji na tanki la maji. Ameshauriwa aongeze springi mbili za Canter kila upande, basi, safari ianze. Fundi Masanja, unasemaje?

MASANJA: Asante, dada Rehema. Ningemwomba asiguse springi kwanza. Aende mizani.

REHEMA: Usagara pale?

MASANJA: Ile ya Usagara ni ya barabara kuu, inashughulika na magari ya tani 3.5 kwenda juu, ndiyo maana pikapu zinapita bila kuulizwa. Atafute mizani ya kiwanda. Kwenye viwanda vya kuchambua pamba zipo, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zipo. Apime gari zima, halafu matairi ya nyuma peke yake, tanki la dizeli likiwa limejaa.

REHEMA: Kwa nini nyuma peke yake?

MASANJA: Ekseli ya nyuma, ule mhimili unaobeba matairi, ina kikomo chake, mbali na kikomo cha gari zima. Tuchukue mfano. Gari linaruhusiwa kufika kilo 3,000. Lenyewe, na dizeli na bampa ya chuma, lina 2,100. Zimebaki 900. Kempa tupu kilo 550, maji lita 80 ni kilo 80, watu wawili 150. Sasa zimebaki 120, na bado hujaweka betri, mtungi wa gesi, chakula, tairi la pili la akiba wala mabegi ya mgeni.

REHEMA: Lakini akifunga springi nzito, si kikomo kinapanda?

MASANJA: Hakipandi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Springi inanyanyua mkia wa gari. Haiongezi nguvu ya ekseli, ya beringi, ya rimu, ya breki, wala ya chasisi. Gari likisimama sawa dereva anapata imani, anaongeza mwendo, kumbe uzito ni uleule. Kwa hiyo tunafunga springi ili gari lililo ndani ya kikomo chake liende vizuri. Lililozidi kikomo dawa yake ni kupunguza mzigo.

REHEMA: Na mzigo unakaa wapi? Maana naona kempa nyingi zimechomoza nyuma kabisa.

MASANJA: Umegusa penyewe. Hilux za sasa, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna milimita 3,085. Ukining'iniza kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haipati 100, inapata kama 132. Zile 32 zimetolewa mbele. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinakosa uzito wa kushikia. Kwa hiyo tanki la maji na betri zisogezwe mbele, zikae karibu na kebini. Huo ubunifu wa kufunga matairi mawili ya akiba na madumu kwenye mlango wa nyuma, mimi siupendi hata kidogo.

REHEMA: Haya, amepima, yuko ndani ya kikomo. Tufunge nini?

MASANJA: Kempa haishuki garini, ni mzigo wa kila siku. Kwa hiyo anunue seti kamili ya springi zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu, na wakati wa kununua ataje kilo alizozipata mizani. Zile bapa za seti, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, zimekunjwa zilingane, kila moja inachukua sehemu yake. Bapa ya Canter ina unene mwingine na mkunjo mwingine. Ukiichomeka katikati inagoma kupinda pamoja na wenzake, na siku moja springi inakatika kwenye tundu la bolti ya katikati. Na asikubali springi yake ichomwe moto ili ikunjwe upya. Chuma kile kinapoteza ugumu wake.

REHEMA: Wengine wanafunga mifuko ya hewa.

MASANJA: Ni mizuri kwa kusawazisha, labda upande wa jiko ni mzito kuliko wa pili, unaongeza upepo kidogo upande huo. Lakini ukiitegemea ibebe kempa nzima, nguvu yote inasukuma chasisi sehemu moja juu ya ekseli, wakati springi inagawa mzigo sehemu mbili, mbele na nyuma yake. Barabara mbovu, mkia mrefu, mifuko imejazwa upepo hadi imekakamaa: chasisi za dabo kebini zimepinda hivyo.

REHEMA: Shokapu je?

MASANJA: Zibadilishwe pamoja na springi. Springi ngumu inarudi kwa nguvu, shokapu ya zamani haiwezi kuizuia. Ukipita geti la Serengeti la Ndabaka ukaingia njia zenye mikunjo kama bati, shokapu inapata moto mpaka inaacha kufanya kazi, gari linarukaruka. Stabilaiza ya nyuma, kile chuma kinachozuia gari kulala upande, nayo naipendekeza. Kempa ni ndefu kwenda juu, na upepo wa ziwa pale darajani Kigongo–Busisi unapiga ubavuni.

REHEMA: Na ukienda Ukerewe, pale Kisorya wakati wa kupanda kivuko, mkia ulioshuka unakwaruza.

MASANJA: Hapo springi nzuri zinasaidia kweli. Lakini kuna jambo fundi wengi wanalisahau. Pikapu nyingi za zamani kidogo zina vali ya breki inayosoma umbali kati ya chasisi na ekseli. Ukinyanyua mkia, vali inadhani gari halina mzigo, inapunguza breki za nyuma. Irekebishwe siku ileile. Na taa za mbele zipangwe upya.

REHEMA: Matairi?

MASANJA: Asome namba ya mzigo ubavuni. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 120 ni kilo 1,400. Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zifungwe mpya, za zamani zimeshavutika. Akitembea kama kilomita 500 arudi zikazwe tena, gari likiwa na kempa yake juu.

REHEMA: Na kama mizani imemkatalia?

MASANJA: Aagize kempa nyepesi, ya turubai juu na fremu ya aluminiamu. Au auze Hilux atafute Mkonga, Land Cruiser 79, nayo ipimwe vilevile kabla ya fundi kushika spana.