Mmea wa kiazi usioonyesha ugonjwa

Mabibi na mabwana, mmea wa kiazi mviringo usioonyesha dalili za virusi si lazima uwe na kinga. Pengine unavumilia tu: virusi vimejaa ndani, majani yanameremeta, nasi watafiti tunaufurahia. Vidukari wakinyonya hapo, wanavipeleka kwa jirani.

Kiazi hupandwa kwa kiazi. Virusi vikishaingia, vinahamia kwenye mbegu ya msimu ujao, na ujao tena, mpaka mkulima aseme mbegu imechoka. Dawa ya kuutibu mmea shambani haipo. Kuua vidukari kunasaidia kwa virusi vya mkunjo wa majani, maana kidukari hunyonya kwa muda mrefu, kisha hukaa hata siku nzima kabla ya kuweza kuambukiza. Virusi vingine vya kiazi, viitwavyo virusi Y, ni habari nyingine. Mdudu akidunga jani kwa sekunde chache tu, kazi imekwisha; sumu inamkuta ameshaambukiza.

Kwa hiyo tunatafuta jeni za kinga. Ry-sto ilitoka kwa kiazi mwitu kiitwacho Solanum stoloniferum, Ry-adg kwa viazi vya asili vya milima ya Andes. Mmea wenye mojawapo hauviachi virusi Y vizaane. Jeni za kundi la N huua seli zilizoambukizwa ili kuvizingira virusi, lakini baadhi yake hulegea joto likipanda.

Kazi ngumu iko kwenye urithi. Kiazi tunachokilima kwa kawaida kina seti 4 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, jumla 48. Mzazi mwenye nakala 1 ya jeni, akichavushwa na asiye nayo, huwarithisha nusu ya watoto. Mwenye nakala 2, kama 5 kati ya 6. Mwenye 3, karibu wote. Ndiyo maana tunatumia miaka mingi kutengeneza wazazi tu, na wafadhili wananuna.

Alama za DNA, yaani vipande vya DNA vinavyokaa karibu na jeni tunayoitafuta, hutuchagulia miche ikingali midogo. Hata hivyo, alama huweza kuachana na jeni yake, basi mimi siachi kupandikiza ili kuupelekea mche virusi makusudi: nakata kikonyo cha mmea mgonjwa, nachanja shina la mche, nachomeka, nafunga kwa utepe. Majuma kadhaa baadaye napima majani mapya ya mche kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachogundua virusi. Virusi vikionekana, mche unatupwa, hata uwe mzuri namna gani. Unaopona unakwenda kupimwa mavuno, umbo na ladha, na huko ndiko mingi inakoangukia.