Wanafunzi Humfuata Mwalimu

(Mhadhara uliotolewa Ngomeni, Lamu, mbele ya wazazi, walimu wa sekondari, wahadhiri na vijana wa kidato cha nne)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mashekhe, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi kule nyuma, karibuni. Nashukuru kuitwa nyumbani. Mimi ni mtoto wa Langoni, na kwa miaka 18 sasa nasomesha fizikia chuo kikuu. Katika barua ya mwaliko niliombwa nizungumzie mambo mawili: jinsi chuo kikuu kinavyoweza kuwavuta wanafunzi wazuri, na jinsi ya kuinua usomeshaji. Nimeyageuza kila upande, nikaona ni jambo moja. Mwanafunzi mzuri huenda anakosomeshwa vizuri, na habari za anayesomesha vizuri husafiri zenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wetu wa hapa Amu walipotaja chuo, walikusudia kitabu. Vyuo ni vitabu. Kisha neno likahamia mahali mtoto anapopelekwa kusomea kitabu hicho, ndiyo tukasema mtoto yuko chuoni. Na aliyezama katika elimu akaitwa mwanachuoni. Kitabu, mahali pa kusoma, mtu aliyesoma. Zile ghorofa na lango lenye askari tumeziongeza sisi juzi tu.

Na mfano hauko mbali. Ukitoka hapa Ngomeni ukashika njia ya kusini mpaka Langoni, utafika msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh, shekhe aliyeuanzisha, alikuja hapa kutoka Ngazija, na alipoanza kusomesha, mwishoni mwa karne ya 19, hakuwa na cha kumvutia mtu isipokuwa darsa yake. Aliwafungulia mlango watu ambao mji haukuona haja ya kuwasomesha: waliokuwa watumwa na watoto wao, wageni, watu wa kazi za sulubu. Akaingiza matari katika maulidi, na wakubwa wakamlaumu. Msikiti wa Riyadha ukaja kusimama mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya hapo wanafunzi walikuja kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa jahazi, wakasoma, wakarudi kwao kufungua madrasa. Nani aliwapelekea tangazo? Aliyesoma hapa alirudi kwao, watu wakamsikia anavyosoma na anavyoeleza, wakamuuliza: umesomea wapi?

Sasa tazameni vyuo vikuu vyetu vya leo. Kwa miaka mingi viliishi kwa wanafunzi wa kujilipia. Mtindo huo ulianzia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, ukaenea nchi nzima, na kila mji ukapata tawi la chuo juu ya duka. Mwaka 2015, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, walikuwa 169,492. Mwaka 2016 wizi wa mitihani ulipobanwa, wakashuka mpaka 88,929, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Serikali ikawa inaweza kuwapangia nafasi karibu wote, na wale wa kujilipia wakatoweka. Vyuo vilishtuka. Vikatafuta dawa, na dawa ya kwanza ikawa mabango: picha za vijana wenye majoho barabarani, fulana za bure, magari yenye spika yakizunguka sokoni. Wahenga walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bango sina ugomvi nalo. Ninaloumia nalo ni kwamba katika mikutano yote niliyokaa miaka hiyo, tukihesabu wanafunzi tuliowakosa, sikumbuki hata mmoja ambao mtu aliuliza: kwani wale tulionao tunawasomesha vipi?

Nitawapa kisa changu. Chuo nilichokuwako wakati huo sitakitaja. Nilipewa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi zaidi ya 400 katika ukumbi mmoja na kipaza sauti kimoja. Waliochelewa walisimama nje, madirishani, wakiandika daftari limeegeshwa ukutani. Mimi nilisoma slaidi, wao wakanakili. Jaribio walilofanya wiki ya tano niliwarudishia wiki ya mtihani, karatasi zimefungwa kwa kamba, kila mmoja atafute yake. Wakati ule niliona ni kawaida. Leo naona haya.

Muhula wa pili akaja ofisini binti mmoja wa Faza. Alikuwa na alama ambazo zingempeleka popote nchini, lakini alichagua chuo cha huku pwani ili awe karibu na mamake. Ameshika barua ya uhamisho, anataka nitie sahihi. Nikamuuliza, mwanangu, kuna nini, ni karo? Akasema, "La, mwalimu. Nataka kujua tu, hapa nasomeshwa kitu gani ambacho siwezi kusoma peke yangu chumbani?" Alisema kwa adabu, macho chini. Nikatafuta jibu, sikulipata. Nikatia sahihi.

Yule binti ndiye aliyenifanya nianze upya. Muhula uliofuata nilifika kwenye somo la mvutano wa mwezi na bahari. Darasa zima ni watoto wa pwani, wamekua na maji kujaa na kupwa, wanajua siku za bamvua na siku za maji mafu kama wanavyojua majina ya ndugu zao. Nikaandika ubaoni swali moja: mwezi uko upande mmoja tu, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku? Nikaweka majibu manne, nikaomba mikono. Mikono ikatawanyika kila mahali. Hawa ndio waliokuwa wakiniandikia kanuni ya Newton bila kukosa hata herufi. Nikawaambia, sitasema lolote. Kila mmoja amgeukie aliye karibu naye, amshawishi. Ukumbi ukalipuka. Kijana mmoja alivua kandambili zake, akaziweka mezani, moja mwezi, nyingine dunia, akazungushia kitambaa chake kama bahari. Mwenzake akakivuta kile kitambaa upande wa mwezi, kikamwachia kandambili wazi upande wa pili. "Basi huko nyuma maji yametoka wapi?" Wakanyamaza wote wawili. Kisha binti aliyekuwa nyuma yao akainama katikati yao, akasema: mwezi hauvuti maji peke yake, unaivuta na dunia. Maji ya huku karibu yanavutwa zaidi kuliko dunia, na dunia inavutwa zaidi kuliko maji ya kule mbali. Kwa hiyo ya kule yanabaki nyuma.

Nilipoomba mikono mara ya pili, wengi walikuwa kwenye jibu sahihi, na mimi sikuwa nimeeleza neno.

Njia hii si uvumbuzi wangu. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliianza mapema miaka ya 1990, alipogundua kwamba wanafunzi wake hodari walikuwa wakipiga hesabu ngumu bila kuelewa mambo ya msingi. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kikundi cha Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia, kilichukua madarasa mawili makubwa, kila moja la wanafunzi karibu 270. Kwa wiki moja, darasa moja lilibaki na profesa mzoefu anayependwa na wanafunzi, akihutubia kama kawaida. La pili likapewa walimu wasio na uzoefu, lakini wakasomesha kwa maswali na majadiliano. Walipopimwa kwa jaribio moja, darasa la profesa lilipata wastani wa asilimia 41, na la pili asilimia 74. Mwaka 2014 wataalamu wakakusanya tafiti 225 za sayansi, hisabati na uhandisi, wakaona uwezekano wa kufeli kwa wanaohutubiwa tu ni mara moja na nusu ya ule wa wanaoshirikishwa. Mimi ni mtu wa fizikia, nimezoea kupima kabla ya kuamini, na vipimo hivi vimetosha kuniaminisha.

Lakini wahadhiri wenzangu, nawatahadharisha. Mwaka 2019 Harvard hiyohiyo ilionyesha kwamba wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi, ilhali wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na anayechoka hudhani amepotea. Kwa hiyo zile fomu za mwisho wa muhula, ambazo mwanafunzi hujaza kama amempenda mwalimu, zisiwe ndiyo mizani pekee. Nyingi, tuseme kweli, huishia kabatini hata hazisomwi. Mimi ningependa mwalimu mwenzangu aje akae nyuma ya darasa langu saa nzima, kisha tunywe chai aniambie aliona nini. Mara ya kwanza nilipofanyiwa hivyo nililowa jasho. Mwenzangu aliniambia jambo moja tu: "Ukiuliza swali hungoji, unajibu mwenyewe." Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.

Anayetaka kuona usomeshaji mzuri aende Matondoni. Nilikwenda mwaka jana kutazama jahazi likijengwa. Taruma zimesimama, mbao zimepigwa, na mvulana wa miaka kama 15 amepewa kukalafati, yaani kuziba mwanya kati ya mbao, mstari mmoja: nyundo, patasi butu, na uzi wa pamba uliolowa mafuta. Alipiga kama dhiraa moja hivi. Fundi hakungoja amalize. Alipitisha kidole juu ya ule mshono, akasimama mahali, akasema, "Hapa maji yataingia." Mvulana akaung'oa uzi, akapiga tena. Fundi akapitisha kidole, hakusema kitu, akaondoka zake. Mvulana alijua amepasi.

Nilisimama pale nikiikumbuka ile kamba yangu ya karatasi. Kosa la wiki ya tano nililitaja wiki ya kumi na tano. Jahazi lingekuwa limeshazama. Kazi ya mwanafunzi ikirudi ndani ya wiki mbili, na maneno mawili matatu ya mwalimu pembeni, inamjenga kuliko kitivo kizima cha majengo mapya. Na hilo linataka watu. Huwezi kupitisha kidole kwenye mishono 400. Ndiyo maana nasema pesa ya bango la kwanza iajiri wasaidizi wa mafunzo, wale vijana wetu wa shahada ya pili, kila mmoja ashike kikundi cha watu 20.

Kuna desturi nyingine inanikera sana. Mwaka wa kwanza, mwanafunzi ndipo anaamua moyoni kama abaki au aondoke, na vyuo vingi huutupia mwalimu wa kibarua, anayekimbia kati ya vyuo vitatu na ambaye malipo yake ya muhula uliopita hayajatoka. Maprofesa wamejifungia na wanafunzi wanane wa mwaka wa nne. Ifanywe kinyume. Na anayesomesha vizuri apandishwe cheo kwa usomeshaji wake, kama anavyopandishwa aliyechapisha makala.

Nataka pia tuelewane huyu mwanafunzi mzuri ni nani. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, litakuletea mtu na alama zake, na alama ni kitu, sizidharau. Lakini binti aliyefafanua kandambili aliingia na C+ kamili, bila ziada. Amesoma shule ambayo maabara yake ni kabati moja. Habib Swaleh angechagua kwa alama za wakati wake, yaani ukoo na mali, asingewapata wanafunzi aliowapata. Na kule Ghana, Patrick Awuah alipofungua chuo cha Ashesi mwaka 2002, alikuwa na wanafunzi 30 katika nyumba ya kukodi mjini Accra. Badala ya kutafuta wengi, aliwashughulikia hao 30. Baadaye, mwaka 2008, wanafunzi wenyewe walipiga kura wafanye mitihani bila msimamizi, kwa kuaminiana. Leo vijana wa nchi nyingi za Afrika wanaigombania nafasi ya pale.

Mwaka 2029 watatufikia watoto wa kwanza wa mtaala mpya, hawa walioingia gredi ya 10 Januari 2026. Wamezoea kuunda, kuuliza, kusimama mbele ya wenzao. Tukiwakalisha 400 ukumbini wanakili slaidi, tutawapoteza mwezi wa kwanza.

Upande wa karo nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaujua kwa machungu. Mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza mwaka 2023, mzazi hakujua atalipa kiasi gani hadi mtoto apangiwe daraja lake la uwezo wa kulipa. Chuo kinachojali kimwandikie mzazi mapema gharama zote, chumba na chakula pamoja na nauli, hata boti ya kuvukia bara, Mokowe. Nimeona watoto hodari wakibaki majumbani kwa hofu ya bili ambayo hawakuwahi kuiona.

Wazazi, mtakapokaa na vijana wenu kwenye saiba, duka la intaneti, kuchagua vyuo, msiulize kwanza chuo kina majengo mangapi. Pigeni simu muulize: mwanangu atasomeshwa na nani mwaka wa kwanza? Kazi yake atarudishiwa baada ya siku ngapi? Naweza kuzungumza na mtu aliyemaliza hapo mwaka jana? Wakibabaika kwenye la kwanza, mmeshajua.

Kwa upande wangu, Jumamosi ijayo baada ya adhuhuri nitakuwa hapahapa na wenzangu wawili, wa hisabati na wa kemia. Kijana yeyote aje, awe na alama yoyote. Cheti abaki nacho nyumbani, aje na swali moja linalomsumbua. Tutakaa mpaka alasiri.

Naona mkono pale kwenye ngazi. Ndiyo, mwanangu, simama useme kwa sauti wazee wasikie.