Rudi nyumbani ukavae sare: mazungumzo na walimu na wazazi wa Tanga

Asalaam aleikum wazee wangu, Bwana asifiwe, na vijana mliokaa huko nyuma hamjambo. Nashukuru mmekuja, leo jumamosi najua wengine mmefunga biashara huko Ngamiani na wengine jioni mna shughuli za harusi, kwahiyo sitazunguka sana, nataka tuongee juu ya watoto waliokosa makazi na jinsi wanavyokosa shule. Walimu niliwaomba mje na rejista za mahudhurio, naona wengi mnazo, ziwekeni hapo mezani tutazihitaji.

Nianze na langu mwenyewe. Miaka hiyo nafundisha darasa la tano kwenye shule moja hapa mjini, sitaitaja, nilikuwa na binti ana akili sana, hesabu anazifanya kichwani wenzake bado wanatafuta kalamu, lakini mahudhurio yake mabovu. Jumatatu haji, jumanne anafika saa tatu, jumatano yupo, alhamisi hayupo. Siku moja kaja na gauni la nyumbani na kandambili, mimi ndo mwalimu wa zamu nimesimama getini, nikamwambia rudi nyumbani ukavae sare. Akaniitikia ndiyo mwalimu, akageuka akaondoka. Hakubisha hata kidogo, na ilipotokea tena nikamrudisha tena.

Sasa nyumbani wapi? Nilikuja kujua wiki kadhaa baadae kwamba mama yake alishatolewa vyombo nje, kodi ya miezi 6 ilimshinda, na tangu siku ile yeye na watoto wake wanalala kwa watu, siku mbili kwa mama mdogo Makorora, siku mbili kwa bibi kule Pongwe, zikizidi lawama wanahamia kwa jirani wa zamani. Sare ilikuwa moja, na mara nyingi imebaki walikolala juzi. Kwahiyo nikimwambia rudi nyumbani mtoto alikuwa anaenda kukaa uwanja wa Tangamano mpaka saa wenzake wanatoka, ndo anarudi kwa mama yake, mama asijue kama shule amekosa. Na mimi kwenye rejista naandika mtoro. Kwa mkono wangu huu. Mpaka leo inaniuma.

Ndo maana nimeomba nafasi hii. Tukisema mtoto asiye na makazi akili zetu zinakimbilia wale wa stendi na sokoni, tunaowaita machokoraa, jina ambalo silipendi. Wale wapo, nitawafikia. Lakini wengi zaidi hatuwaoni kwasababu wanalala chini ya bati kama sisi, ila bati la mtu mwingine, kwenye mkeka sebuleni baada ya wenye nyumba kumaliza kuangalia tv, yaani mtoto hawezi kulala mpaka wao walale. Na mnaujua ule msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mtu mzima sawa. Kwa mtoto jembe lenyewe ni kuamka saa kumi na moja kuchota maji, kuosha vyombo vya nyumba nzima, kuzungusha vitumbua mtaani kabla ya shule, na hawezi kukataa kwasababu akikataa mama yake ndo anasemwa. Huyu mtoto akifika darasani akasinzia, msimuulize mbele ya wenzake jana ulikuwa unafanya nini.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku mbili tu kila wiki, na hizo kwa macho yetu ni chache, ukijumlisha mwaka mzima anakosa siku 70 na kitu. Hakuna tuisheni ya kuziba pengo hilo.

Na vinavyomkosesha ni vitu vidogo mpaka inasikitisha. Elimu bila malipo imeanza Januari 2016, ada imeondoka, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini sare bado ya mzazi, chakula mara nyingi mchango wa wazazi, nauli ya mzazi. Chukua hiyo nauli. Mwanafunzi kwenye daladala analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, lakini analipa kama mwanafunzi akiwa amevaa sare, bila sare konda anakuhesabu mtu mzima. Kwahiyo yule binti wangu sare ikiwa Makorora yeye akiwa Pongwe, amekosa sare, na kwa kukosa sare amekosa nauli, na akitembea mguu kutoka Pongwe akafika saa tatu anakutana na mimi getini na fimbo. Mnaona mlango unavyofungwa mara tatu kwa kitu kimoja?

Jambo jingine ambalo tunalifanya kwa nia njema kabisa na linaumiza ni kumhamisha. Mama amehamia Pongwe, tunamwambia mhamishie mtoto Pongwe, mwezi wa tatu wamerudi mjini, mhamishie tena. Uhamisho siku hizi unapita kwenye mfumo wa PREM, ule wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, shule ya kwanza iombe, ya pili ipokee, na mama yule hana hata simu yenye chaji. Sisi Tanga tunasifiwa waja leo waondoka leo, msemo mzuri kwa wageni, lakini mtoto aliyepoteza nyumba tusimpotezee na dawati. Dawati lake na mwalimu wake anayemjua kwa jina ndo kitu pekee kilichobaki hakijahama. Mimi naomba tukishike hicho kwa mikono miwili.

Marekani hili waliliandikia sheria tangu 1987, inaitwa McKinney-Vento. Kule kuna utajiri mwingi na bado watoto wengi hawana pa kulala, msishangae. Sheria yao inasema hata mtoto aliyebanana na familia yake kwa ndugu kwasababu wamekosa nyumba anahesabiwa hana makazi, sio lazima alale barabarani. Ana haki ya kubaki shule yake ya zamani na kupewa usafiri wa kwenda, ikiwa kubaki kuna manufaa kwake, na akienda shule mpya apokelewe siku hiyo hiyo hata kama karatasi hazijakamilika, karatasi zitafuata. Na kila wilaya ya elimu lazima iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hawa watoto. Hela zao sisi hatuna. Lakini huyo mtu mmoja tunaye, kila shule ina mwalimu wa malezi, ila tumemfanya mwalimu wa kutuliza wasichana wakilia.

Sisi tulifanya nini kwa yule binti? Hatukufanya makubwa. Tuliomba sare kwa waliomaliza la saba, tukafua, tukazipanga kwenye kabati la ofisi ya walimu, na yeye ya kwake ya pili ikakaa humo na begi la madaftari nalo likawa linalala shuleni. Akawa anafika mapema, ndoo na sabuni vipo, anaoga, anabadilisha, anaingia paredi kama wenzake. Walijua walimu wawili tu. Hili nalisisitiza sana ndugu zangu, asitangazwe, asisimamishwe mbele apewe viatu huku mnapiga picha, mtoto wa hivyo kesho haji, aibu inamfukuza kuliko njaa. Uji tulisema anayetoa mchango na asiyetoa wote wanywe, kwasababu nilishaona watoto wamekaa chini ya mwembe wanaangalia wenzao wanakula, hapana, hiyo sitaki kuiona tena. Na fimbo ya kuchelewa tuliiondoa kwake, baadae mwalimu mkuu akaiondoa kwa wote. Mahudhurio hayakuwa kamili, nisiwadanganye, kuna wiki alipotea kabisa. Ila kila akirudi alikuta dawati lipo na hakuna aliyempigia kelele, basi akawa anarudi.

Sasa wale wa Deep Sea, pale boti za samaki zinapoingia, na wa stendi ya Kange. Vijana wanaolala kwenye maboya na nyavu, wanaamka boti zikiingia, wanabeba ndoo, wanaparua samaki, wanapata hela ya kula. Huwezi kumwambia huyu aache samaki wa alfajiri aje paredi saa moja na nusu, atakula nini? Kwa huyu upo mpango wa MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, umekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1990, anasoma masomo yaliyofupishwa na akiweza anaingia darasa la kawaida. Na kwa walioacha shule kwa sababu yoyote ile, Wizara ya Elimu ilifungua mlango wa kurudi mwaka 2021. Lakini mtoto wa namna hii hasomi tangazo ofisini. Inabidi mtu amfuate pwani, mtu yule yule, leo na wiki ijayo na wiki ya tatu, wale watoto wameshaahidiwa mengi na watu waliokuja mara moja. Wenyeviti wa mitaa mliopo hapa, nyie na ustawi wa jamii ndo mnaweza, na pale ndugu hawapo sheria inaruhusu mlezi wa kuaminika atafutwe badala ya kumpeleka moja kwa moja kwenye makao ya watoto.

Maana Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuacha hili kwa huruma zetu. Malazi, chakula, mavazi, elimu, vimeandikwa humo kama haki ya mtoto, na halmashauri imepewa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio kwenye eneo lake. Na wewe jirani unayemuona mtoto wa mwenzio ananyimwa haki hizo unatakiwa utoe taarifa, kama unaogopa kwenda ofisini piga 116, ni bure.

Mama mmoja ananiuliza hapa mbele, nikimpokea mtoto wa mwenzangu sitaonekana nimemchukua? Mama yangu, mjulishe mwenyekiti na mwalimu siku hiyo hiyo, hapo umeshajilinda. Na ukishampokea mpunguzie hilo jembe la asubuhi.

Sasa walimu fungueni hizo rejista, mwezi huu huu. Msitafute aliyekosa wiki nzima, huyo mnamjua. Tafuteni yule wa hayupo, yupo, hayupo, yupo, kachelewa. Majina msiyataje kwa sauti, andikeni kwenye karatasi pembeni, tuanze na darasa la tatu.