Kazi ya Tumbo Ndani ya Bilauri Tatu

Karibuni, watazamaji. Leo, nikiwa jikoni kwangu hapa Mwanza, nawaonyesha namna mwili unavyovunja protini, kwa kutumia mnofu wa sangara nilioununua asubuhi Mwaloni Kirumba, ndimu, papai bichi na bilauri tatu. Kateni vipande vidogo vinavyolingana, mweke kimoja katika kila bilauri.

Ya kwanza itieni maji matupu. Ya pili itieni maji ya ndimu mpaka yafunike kipande. Baada ya muda mnofu utakuwa mweupe kana kwamba umepikwa, kwa sababu asidi hukunjua minyororo ya protini bila kuikata. Asidi ya tumboni hufanya vivyo hivyo.

Bilauri ya tatu ndiyo niipendayo zaidi. Kwaruzeni papai bichi lenye utomvu, mlichanganye na maji ya vuguvugu, mmimine. Papai lisichemshwe. Narudia, lisichemshwe, wala maji yake yasitokote. Nilipowafundisha wanafunzi kwa mara ya kwanza nililichemsha papai, tukasubiri saa nzima bila kuona badiliko lolote, kwa kuwa joto kali huharibu kimeng'enya cha papai, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, ambacho ndicho hukata minyororo ya protini za mnofu. Subirini kidogo: naona birika hili linatoa mvuke. Maji haya hayafai. Nayaacha mpaka kidole kiyavumilie bila kuungua.

Sasa yamepoa, nimemimina, na saa mbili zimepita. Nikikibonyeza kipande cha mnofu cha bilauri ya papai kwa kijiko kinasambaratika, ilhali kile cha maji matupu bado kimeshikamana. Tumboni kazi hii huanzwa na pepsini, kimeng'enya cha tumbo. Kisha, katika utumbo mwembamba, tripsini na vimeng'enya vingine vya kongosho huendelea kukata, mpaka zibaki asidi amino mojamoja, yaani pingili zinazounda minyororo ya protini, pamoja na vipande vya pingili mbili au tatu ambavyo seli za ukuta wa utumbo huvipokea na kuvimalizia ndani. Asidi amino nyingi huingia katika seli hizo zikiandamana na sodiamu, kisha damu huzipeleka kwanza kwenye ini.

Kutoka hapo mwili hujenga misuli, hemoglobini inayobeba oksijeni katika damu, na vimeng'enya vyake wenyewe kwa aina 20 za asidi amino, ambazo 9 kati yake mtu mzima hana budi kuzipata katika chakula. Ugali wa mahindi una kidogo lisini, mojawapo ya hizo 9, nayo imo kwa wingi katika dagaa na maharage; mimi hupendelea dagaa. Mwili hauna ghala la asidi amino kama ulivyo na ghala la mafuta: zinazozidi, ini huziondolea naitrojeni na kuigeuza urea, ambayo figo huitoa kwa mkojo, na sehemu inayobaki hutumika kuupa mwili nguvu au hugeuzwa sukari na mafuta.

Vipande hivi msivile. Vitupeni, mnawe mikono vizuri, maana utomvu wa papai huwasha ngozi.