Mifuko chini ya macho: jua kwanza yako ni ya maji au ya mafuta

Haya wapendwa karibuni, leo tunaongelea mifuko ya chini ya macho, ile ambayo unaamka unajiangalia kwenye kioo unaonekana umechoka wakati usiku umelala vizuri tu. Mi napamba maharusi hapa Dar na hili ndo swali naloulizwa kabla bibi harusi hajakaa hata kwenye kiti, dada hii mifuko itatoka kweli? Na wengi wanakuja wameshanunua krimu, tena za bei, na hamna kilichobadilika. Mara nyingi shida si krimu kuwa feki, shida ni kwamba mwenye mifuko ya mafuta amejipaka dawa ya mifuko ya maji. Mifuko haifanani jamani, kwaiyo kabla hujatoa hela yoyote tunapima kwanza na kupima kwenyewe ni bure.

Hatua ya kwanza, chukua kioo cha mkononi uende dirishani, uangalie nje mwanga ukupige usoni. Usisimame chini ya taa ya darini manake taa ya juu inatupa kivuli chini ya jicho, utajiona una mifuko hata kama huna. Piga picha na simu ukishaamka tu, kabla hujanawa, afu saa kumi jioni rudi palepale dirishani upige nyingine, uziweke pamoja uangalie. Kama asubuhi umevimba na jioni pamenywea hayo ni maji. Kama picha zote mbili ziko sawa, na ukitoa picha yako ya kitambulisho ya miaka ya nyuma unaiona mifuko ileile, na mama au shangazi naye anayo, hayo ni mafuta.

Kuna kipimo kingine nakipenda sana, ngoja nisogee kwenye kamera muone. Kidevu hakipandi, kichwa kimetulia, macho tu ndo yanaangalia juu darini, umeona? Mafuta yakiwepo yanasukumwa mbele, vifuko vinatuna zaidi, maji hayafanyi hivyo. Yani nyuma ya kope ya chini kuna mafuta ambayo kazi yake ni kulilaza jicho lisigonge mfupa, yameshikiliwa na utando mwembamba, umri ukienda utando unalegea mafuta yanasogea mbele. Wengine wamerithi tu, wanayo toka wana miaka 20, hiyo si uchafu wala si uzembe, ndo walivyoumbwa. Maji yenyewe ni hadithi nyingine, ngozi ya hapo haifiki hata milimita moja, ndo nyembamba kuliko kokote mwilini, ukilala bapa usiku kucha maji yanatulia usoni na hata kidogo tu kinaonekana, ukisimama yanashuka.

Na wenye weusi bila uvimbe, washa tochi ya simu ujimulike kwa mbele. Weusi ukipotea hicho ni kivuli cha bonde lililopo chini ya jicho. Usipopotea, na hata ukiivuta ngozi kidogo bado ni kahawia, hiyo ni rangi ya ngozi yenyewe na mara nyingi inazidishwa na kusugua macho.

Sasa kabla ya barafu na chai naomba mnisikilize hapa kwa makini, usiisogeze mbele hii sehemu. Kuna uvimbe wa macho ambao si wa urembo. Mtoto anayeamka macho yamevimba, leo na kesho na keshokutwa, watu wanasema ni mbu, wengine aleji, anapewa dawa ya mafua wiki zinapita. Figo zikiwa zinavujisha protini kwenye mkojo, macho ya asubuhi ndo yanaanza kuvimba, miguu na tumbo vinafuata baadaye. Mpeleke wakampime mkojo, ni kile kikaratasi kinachochovywa tu, zahanati wanacho na majibu ni ya dakika. Mtu mzima naye, ukiona macho yanavimba na miguu inaacha shimo ukiibonyeza, au mkojo unatoa povu lisiloisha, au pumzi inakata ukilala, acha hii video nenda hospitali. Jicho moja tu likivimba, likawa jekundu, la moto, linauma ukiligeuza, pengine na homa, hiyo ni siku hiyohiyo, usisubiri kesho, hasa kwa mtoto. Macho yanayotokeza nje na moyo unaenda mbio unakonda huku unakula, waambie wapime tezi ya shingoni. Na ukivimba macho pamoja na midomo au ulimi afu pumzi inakuwa nzito, hiyo ni dharura.

Hapohapo niseme la mkorogo. Krimu za kung'arisha ambazo boksi halina orodha ya vilivyomo, au zinazochanganywa kwenye kikopo sokoni, nyingine zina zebaki. Zebaki inaingia kupitia ngozi na inaenda kuumiza figo, na nimeshawaambia figo zikiumia uvimbe unaanzia wapi, kwaiyo mtu anapaka kuondoa weusi chini ya macho anaishia kuvimba macho hayohayo. Zenye steroidi nazo, ile dawa kali ya kutuliza ngozi iliyovimba, kwenye boksi utaona betamethasone au clobetasol, ukizipaka karibu na jicho kwa muda mrefu zinazidi kuikonda ile ngozi ambayo ni nyembamba tayari, na zinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Wadogo zangu nawaomba, hapo chini ya jicho msipapake hizo.

Haya, wenye maji sasa, nyinyi ndo wenye bahati.

Chukua majani ya chai ya vipakiti vya kuchovya, vipakiti viwili, yaloweke kwenye maji ya moto dakika kama tano, yakamue, weka kwenye kisahani uingize kwenye friji dakika 20. Huna ya pakiti, yale ya kawaida ya kuchemsha yanafaa, funga kijiko kimoja kwenye kitambaa safi cha pamba. Ila iwe chai kavu tupu, zile zilizochanganywa tangawizi na pilipili manga ukiweka machoni utalia. Ikishapoa lala chali kichwa kiwe juu kidogo, fumba macho, weka hapa, angalia mkono wangu, si juu ya kope ya juu, ni hapa chini kwenye uvimbe wenyewe, dakika 10 mpaka 15. Majani yana kafeini inayobana mishipa midogo ya damu, lakini ukweli kazi kubwa inafanywa na ubaridi, ndo mana matango na vijiko vilivyolala kwenye friji vinafanya kazi karibu sawa. Barafu pia sawa lakini ifunge kwenye leso, isiguse ngozi moja kwa moja inaunguza. Na asiye na friji, lowesha kitambaa kwenye maji ya mtungi, yale ya mtungini yanapoa vizuri kabisa, kamua, weka, kikipata joto rudia.

Ukitoa, paka seramu yako, yale majimaji mepesi ya kupaka ngozi, au hata mafuta kidogo, afu tumia kidole cha pete kwa sababu ndo hakina nguvu, anzia kona ya puani kuja nje kuelekea sikioni, unasukuma taratibu kama unafuta jasho la mtoto mchanga. Mara kumi hivi inatosha. Usivute, usibonyeze jicho.

Hiyo inashusha ya leo, ya kesho inazuiwa jikoni na kitandani. Chumvi ndo mchawi wa kwanza, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu ulichokula siku nzima. Sasa hesabu mwenyewe, chipsi zimenyunyiziwa chumvi mara mbili, mchuzi una vile viungo vya mchemraba, usiku papa mkavu au ng'onda, umeshapita zamani. Bibi harusi wangu nawaambia siku tatu za mwisho hamna ng'onda, hamna chipsi, hamna pombe, na kwenye kitchen party kula wali na mchuzi ambao umeonja kwanza. Ongeza mto mmoja kichwa kikae juu, ulale masaa saba na kuendelea, lala chali ukiweza, anayelala kifudifudi anaamka amevimba zaidi. Na ukilia usiku, inatokea, osha uso na maji baridi kabla hujalala.

Macho yakiwa yanawasha, hapo tunaongelea aleji, na aleji utapaka seramu mpaka uchoke kama hujaondoa kinachoileta. Vumbi la godoro na mito, foronya ioshwe kila wiki kwa maji ya moto. Gundi ya kope za bandia. Wanja. Dawa nyeusi ya nywele na piko vina kemikali moja ambayo inaweza kukuvimbisha uso mzima siku moja mbili baada ya kupaka, na watu hawaunganishi kwa sababu walipaka kichwani au mkononi na kilichovimba ni macho. Hata rangi ya kucha, unajigusa jicho na kucha yako mara ngapi kwa siku? Acha kimoja kimoja wiki mbili uone. Dawa kama cetirizine au loratadine, kidonge cha miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, inasaidia kuwasha na uvimbe, Piriton inasaidia pia ila inalaza, usiimeze afu ukashika usukani. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo au ini aulize duka la dawa kwanza. Na usisugue macho, kusugua kunavimbisha na kunaleta weusi, unapata hasara mbili.

Krimu sasa, nitaongea kidogo tu. Seramu ya kafeini inafaa kwa wenye maji, inanyweza kwa masaa kadhaa, ikiisha imeisha. Retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka, inaimarisha ngozi iliyolegea lakini ni kazi ya miezi, si siku, paka usiku punje ya dengu kwa macho yote mawili, kwenye mfupa si kwenye kope, mara mbili kwa wiki kwanza, mjamzito asitumie kabisa, na asubuhi sanskrini, krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, hiyo namba ni nguvu yake ya kukinga. Limau na dawa ya meno, hapana. Krimu ya kuondoa mafuta ya chini ya jicho haipo, mtu akikuuzia hiyo anakuuzia maneno.

Kwaiyo mwenye mafuta afanye nini? Anaweza asifanye kitu na hilo ni jibu kamili, haiumi na haidhuru jicho. Mwenye bonde zaidi kuliko mfuko anaweza kuchomwa filla, ni sindano ya kitu cha kujazia kinachoitwa asidi ya hayaluroniki, inajaza lile bonde kivuli kinapungua, inakaa miezi kadhaa mpaka mwaka na zaidi. Ila hapo pana mishipa ya damu inayoenda kwenye jicho, filla ikiingia kwenye mshipa mtu anaweza kupofuka, ni nadra lakini ipo. Kwaiyo si saluni, si chumbani kwa rafiki aliyesoma kozi ya wikendi. Ni daktari, na muulize kabla hujalala kitandani, dawa ya kuiyeyusha unayo hapa sa hivi? Akishangaa, vaa viatu uondoke. Na mwenye mfuko mkubwa wa mafuta filla inaweza kumzidishia uvimbe.

Upasuaji ndo unaoondoa mafuta yenyewe, unaitwa blefaroplasti. Kuna wa kupitia ndani ya kope, hauachi kovu la nje, na si kitu kipya, Mfaransa Julien Bourguet aliueleza toka miaka ya 1920, unawafaa ambao ngozi yao bado imekaza. Ngozi ikiwa imelegea wanakata kwa nje chini tu ya kope na kuipunguza. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo mara nyingi, unavilia damu na kuvimba wiki moja mpaka mbili, barafu siku mbili za mwanzo, kichwa juu, husugui, huinui ndoo. Mueleze daktari dawa zote unazomeza, hasa aspirini na za kuyeyusha damu, presha ikae sawa kwanza, na kama macho yako ni makavu sema mapema. Hatari zake ni kope kuvutika chini, jicho kukauka, na mara chache sana damu kujaa nyuma ya jicho, hiyo ikitokea unasikia maumivu makali na kuona kunafifia, unarudi hospitali usiku huohuo hata kama ni saa nane.

Mwisho, wenye sherehe jioni hii. Kosa naloliona kila wiki ni konsila nyeupe, ile krimu ya kufichia madoa, juu ya mfuko. Rangi nyepesi inasogeza kitu mbele, kwaiyo mfuko unaonekana mkubwa mara mbili kwenye picha. Fanya hivi, paka koreta, krimu ya kuua weusi, ya rangi ya chungwa kidogo kwenye weusi, kwa ngozi zetu ndo inayokubali, afu konsila ya rangi yako kamili pale juu ya mfuko. Ile nyepesi chukua brashi nyembamba sana, chora mstari chini ya mfuko, hapa kwenye kivuli, pekee. Gongagonga na kidole, usipanguse. Unga kiasi kidogo, manake unga mwingi unaingia kwenye mikunjo na flashi ya kamera inautoa wote nje. Ukirudi usiku, pamba na mafuta ya nazi, weka juu ya jicho hesabu mpaka ishirini ilainike ndo ufute kushuka chini, wanja na gundi ya kope vyote vitoke kabla hujagusa mto.