Mshipa, Kano au Msuli? Tafuta kwa Kidole Chako Mwenyewe

Karibu, mtazamaji. Leo hatuna mchoro ukutani, mchoro ni mwili wako. Andaa wanja wa penseli, sabuni, na mguu mmoja wa kuku, ile miguu inayouzwa sokoni Mwanjelwa pamoja na shingo na vichwa. Kama uko Uyole au Njombe na ni asubuhi ya Julai, shika kwanza kikombe cha chai ya moto mpaka viganja vipate joto. Kidole cha baridi kikigusa ngozi, msuli unajikaza, na msuli uliokazwa utaudhania mfupa. Sweta nalo livue.

Kanuni ni moja: bonyeza, kaza, legeza. Kilicho kigumu wakati wote ni mfupa. Kilichokuwa laini kikawa kigumu ulipokaza ni msuli. Kinachochomoza kama kamba ni kano, na kazi yake ni kuufunga msuli kwenye mfupa.

Tuanze na mifupa. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Kipeleke pembeni kuelekea begani: huo mfupa uliojipinda kidogo ni mtulinga. Upake wanja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndio unaovunjika mara nyingi mtu akianguka na bodaboda na kutua kwa bega.

Rudi kwenye kishimo, sasa shuka katikati ya kifua, ukifuata kidari, yaani mfupa bapa wa katikati ya kifua. Baada ya sentimita 5 hivi utakuta kituta kimelala kwa upana. Simamisha video hapa ukitafute vizuri, maana ndipo wengi wanapokosea. Ukitoka kwenye kituta hicho kwenda pembeni unakutana na ubavu wa 2, siyo wa 1. Wa 1 umejificha nyuma ya mtulinga, na anayeanza kuhesabu kwa ule anaougusa kwanza atapungukiwa hadi mwisho. Hesabu kushuka. Jozi 7 za juu zinafika kwenye kidari kwa gegedu zao zenyewe (gegedu ni kitu kigumu kinachopindika, kama cha sikioni), jozi 3 zinazofuata zinaegemea gegedu ya jirani wa juu, na 2 za mwisho zinaning'inia, hazifiki mbele kabisa. Jumla jozi 12, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Anayekuambia mwanamume amepungukiwa ubavu mmoja, mwambie ahesabu mwenyewe kwa kidole.

Mgongoni mwombe mwenzako akusaidie. Inamisha kichwa: nundu kubwa inayotokeza chini ya shingo kwa kawaida ni pingili ya 7 ya shingo. Chini yake kuna pingili 12 za kifua na 5 za kiuno. Tukisema kiuno hapa tuna maana ya sehemu ya mgongo, juu ya nyonga. Weka viganja juu ya kingo za mifupa ya nyonga, vidole gumba vikutane mgongoni. Vitatua karibu na pingili ya 4 ya kiuno.

Mguuni twende haraka. Paja lina mfupa mmoja, mrefu kuliko yote mwilini. Mbele ya goti ni kilegesambwa. Nyoosha mguu ukiwa umekaa, ulegeze, na utaweza kukisogeza kushoto na kulia. Chini yake ni ugoko. Mbele ya ugoko hakuna msuli wa kuukinga, ngozi imekaa juu ya mfupa, ndiyo maana jembe likikugusa pale unaona nyota. Vinundu viwili vya kwenye kifundo cha mguu si mifupa inayojitegemea: cha ndani ni ncha ya ugoko, cha nje ni ncha ya mfupa mwembamba ulio kando yake.

Sasa misuli. Weka kiganja chini ya meza, kitazame juu, kisha inua kama unataka kuibeba. Msuli wa mbele ya mkono unakuwa mgumu, wa nyuma umelegea. Weka kiganja juu ya meza, gandamiza: mambo yamegeuka. Msuli unajua kuvuta tu, haujui kusukuma, kwa hiyo hufanya kazi kwa zamu na mwenzake wa upande wa pili. Misuli 4 ya mbele ya paja inakutana kwenye kano moja inayopita juu ya kilegesambwa. Ukishuka mlima Rungwe, misuli hiyo inakaza huku inanyooshwa, na ndiyo itakayouma kesho yake, kuliko wakati wa kupanda.

Tumefika kwenye neno linalotusumbua: mshipa. Kunja ngumi, kunja na kifundo cha mkono. Kamba ngumu inayosimama katikati ni kano. Wengine hawana ya katikati kabisa na mkono wao hauna kasoro. Mstari wa rangi ya kijani au buluu, unaobonyea ukiugandamiza, ni mshipa wa damu. Kisha gusa upande wa ndani wa kiwiko, kwenye kibonde kati ya vinundu viwili. Ukigongwa pale, umeme unakimbia hadi kidole cha mwisho: hiyo ni neva, uzi unaopeleka taarifa kati ya ubongo na mwili. Vitu vitatu, na vyote mtaani tunaviita mshipa. Kwa hiyo ukienda zahanati usiseme tu "mshipa umekaza". Gusa mahali, useme kama maumivu yanakuja ukikaza, ukinyoosha, au hata ukiwa umetulia.

Mwisho, mguu wa kuku. Pale ulipokatwa, ondoa ngozi kidogo mpaka uone nyuzi nyeupe. Shika uzi wa nyuma kwa kitambaa kikavu, maana unateleza, na uvute: vidole vinajikunja. Vuta wa mbele: vinanyooka. Kama havitikisiki, umeshika ngozi, tafuta tena. Misuli yenyewe ilibaki juu, kwenye kipande cha nyama kilicho chini ya paja la kuku. Vidole vyako navyo huvutwa zaidi na misuli iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Cheza kama unapiga kinanda ukiwa umeshika sehemu hiyo, utaisikia ikitembea.

Nawa mikono kwa sabuni. Mguu wa kuku umwagie maji ya moto, menya ile ngozi ya njano, tia kwenye supu.